Mbezi ipi? Mwongozo kamili wa kupima maandishi kwenye skrini ya simu

Mbezi Beach iko upande wa Barabara ya Bagamoyo. Mbezi Mwisho iko kwenye Barabara ya Morogoro, karibu na kituo kikuu cha mabasi ya mikoani. Ukipanda gari la Mbezi moja wakati shughuli yako iko Mbezi nyingine, na foleni ikakukuta njiani, siku imekwisha. Mama mdogo wangu alifungua programu yangu ndogo ya kutafuta vituo vya daladala, akakuta mistari miwili imefuatana na yote inasoma "Kituo cha Mbezi…". Akapiga simu: "Mwanangu, Mbezi ipi hii sasa?"

Kwenye simu yangu majina yote yalikaa vizuri. Yeye ameongeza ukubwa wa maandishi kwenye mipangilio ya simu kwa sababu ya macho, nami nilikuwa nimekadiria upana wa majina kwa kuhesabu herufi. Haya yafuatayo ni yale niliyoyapanga upya baada ya simu ile. Mifano mingi ni ya Android, maana ndiyo iliyojaa mikononi mwa watu hapa mjini, ila Flutter (zana ya kujenga programu moja ya Android na iPhone) na iPhone yenyewe nazo nimezigusia.

Kwanza jiulize kama unahitaji kupima

Mara nyingi huhitaji. Ukiliacha sanduku la maandishi lipanuke lenyewe kwenda chini, bila kulifunga kwa kimo maalumu, mfumo wa simu utapima na kupanga kila kitu kuliko utakavyoweza wewe. Nimeona misimbo mingi inayopima maandishi kwa mkono ili kurekebisha tatizo lililoletwa na mstari mmoja tu, ule uliosema kimo cha kitufe kiwe 40. Futa mstari huo kwanza, kisha tazama kama tatizo bado lipo.

Kupima kunahitajika pale unapochora mwenyewe, mathalani tiketi, grafu au majina juu ya ramani. Kunahitajika pia unapolazimika kuamua kabla ya kuchora: je, nauli ikae kando ya jina la kituo au ishuke chini yake? Matumizi ya tatu ndiyo ninayoyapenda zaidi, nayo ni kupima kama jaribio, ili kompyuta ikuambie jina gani litakatwa kabla mama mdogo hajakuambia.

Hatua ya 1: Elewa vipimo vyenyewe

Pikseli peke yake haikuambii kitu, kwa kuwa skrini mbili zenye upana uleule mkononi zinaweza kupishana sana kwa idadi ya pikseli. Ndiyo maana Android inatumia dp. Dp 1 ni sawa na pikseli 1 kwenye skrini yenye msongamano wa pikseli 160 kwa inchi. Kanuni yake ni hii: pikseli = dp × msongamano ÷ 160.

Chukua simu ya bei nafuu kama zile zinazopangwa kwenye vioo vya maduka ya Kariakoo: upana pikseli 720, msongamano 320. Ukigawa 320 kwa 160 unapata 2, kwa hiyo upana wa skrini hiyo ni dp 360. Namba hii ya 360 iweke kichwani, utakutana nayo sana. Lakini usiitegemee kama ukuta, kwa sababu mtumiaji akiongeza ukubwa wa vitu vyote kwenye skrini msongamano unapanda, na dp zinapungua ingawa kioo ni kilekile.

Kwa maandishi kuna sp. Sp ni dp iliyokubali kumsikiliza mtumiaji: inazidishwa tena kwa kiwango cha ukuzaji alichokichagua mwenye simu. Maandishi ya sp 16 kwa kiwango cha 1.0 yanakuwa dp 16, na kwa kiwango cha 1.3 yalikuwa dp 20.8 kabla ya Android 14. Tangu Android 14 ukuzaji unafika hadi asilimia 200, tena haupandi kwa mstari ulionyooka. Maandishi madogo yanakua kwa kiwango kamili, makubwa yanakua kidogo tu ili vichwa vya habari visimeze skrini nzima. Kwa hiyo acha ile tabia ya kuzidisha sp kwa `scaledDensity`. Tumia `TypedValue.applyDimension`, inayojua hesabu mpya.

Hatua ya 2: Jua nafasi uliyobakiwa nayo

Hii ni hesabu ya darasa la tatu, lakini wengi tunairuka. Skrini ina dp 360. Ondoa 16 kila upande, zinabaki 328. Kuna alama ya kituo yenye dp 24 na uwazi wa 16 baada yake, zinabaki 288. Kulia kuna nauli, tuseme imechukua 70 pamoja na uwazi wake. Jina la kituo limebakiwa na 218.

Sasa kadiria. Kwa fonti za kawaida za herufi za Kilatini, upana wa herufi moja kwa wastani ni kama nusu ya ukubwa wa fonti. "Mbagala Rangi Tatu" ina herufi 18 ukihesabu na nafasi, basi kwa ukubwa wa 16 ni kama dp 144. Inatosha bila shida. Kuza maandishi mara mbili kwa makadirio ya juu kabisa: jina linadai 288, nauli inadai 140, na jina limebakiwa na kama 148. Mstari mmoja hautoshi tena.

Makadirio haya ni ya kwenye karatasi tu, wakati unachora mpangilio. Usiyapeleke kwenye msimbo. Kijichi na Mbagala zote zina herufi 7, lakini Kijichi imejaa i na j ambazo ni vijiti, na Mbagala inaanza na M pana kisha a tatu zilizojaza nafasi. Ukihesabu herufi, majina haya mawili ni sawa. Kwenye skrini hayafanani hata kidogo.

Hatua ya 3: Kusanya maneno ya kupimia

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo miongozo mingi ya kigeni inapotuacha njiani. Usipime kwa "Jina la kituo" au "Maandishi hapa". Pima kwa maneno yatakayosomwa.

Anza na majina ya mahali. Dar es Salaam ina tabia moja: neno la kwanza la jina linarudiwa, na la mwisho ndilo linalotofautisha. Kimara Mwisho, Kimara Korogwe, Kimara Baruti. Mbagala Rangi Tatu na Mbagala Zakhem. Magomeni Mapipa na Magomeni Usalama. Ukikata mwishoni na kuweka nukta tatu, umetupa sehemu pekee iliyokuwa na habari. Tena mimi nilikuwa nimeongeza "Kituo cha" mbele ya kila jina, kwenye orodha ambayo kichwa chake tayari kinasema "Vituo". Maneno mawili ya bure yalikula nafasi ya neno lililohitajika.

Kisha maneno ya vitufe na hali. Kiswahili hubeba sentensi nzima ndani ya neno moja. "Haijathibitishwa" ina herufi 16 bila nafasi hata moja katikati, kwa hiyo hakuna pa kulikunja. Likiwekwa kwenye safu nyembamba, simu italivunja popote: "Haijathibi" juu, "tishwa" chini. Kwa kila andiko pima vitu viwili: upana wa andiko zima, na upana wa neno refu kuliko yote ndani yake. Wa kwanza unakuambia kama litaenea mstari mmoja. Wa pili unakuambia safu isipungue kiasi gani.

Ngeli nazo zibebe. Safari 1 imeghairiwa, safari 3 zimeghairiwa, kituo kimefungwa, vituo vimefungwa, mabasi yamejaa. Ukijenga sentensi kwa kuunganisha vipande, utapima kipande kifupi na kuonyesha kirefu, na sarufi itakuwa mbovu juu yake. Andika sentensi kamili kwa kila hali, upime kila moja.

Fedha na saa ni za haraka kidogo. Usipime nauli kwa TSh 500 wakati salio linaweza kusoma TSh 1,250,000. Katika baadhi ya fonti tarakimu 1 ni nyembamba kuliko 8, basi jaribu kwa tarakimu pana, au washa tarakimu zenye upana sawa. Kwenye Android ni `fontFeatureSettings` yenye thamani "tnum". Na "saa 12:45 jioni" ni ndefu kuliko saa ya tarakimu tupu aliyoichora mbunifu.

Kuna na jambo dogo la ng'. Alama ya ritifaa inaweza kuandikwa kwa kijiti kilichonyooka au kwa kile kilichopinda, na hivyo ni vibambo viwili tofauti vyenye upana tofauti. Orodha ya majina iliyochapwa na watu watatu itakuwa na vyote viwili. Chagua kimoja, safisha data yote, ndipo upime. Hata kutafuta kutakuwa rahisi.

Hatua ya 4: Pima upana

Kanuni yangu ni moja: pima kwa kalamu ileile itakayochora, yaani kile Android inachokiita `Paint`. Usiunde kalamu mpya ukaipa ukubwa wa fonti na kuamini yamekwisha, kwa kuwa utasahau unene, uwazi kati ya herufi, au fonti yenyewe. Ichukue kutoka kwenye lebo, yaani kile kipande cha skrini kinachoonyesha maandishi:

```
val jina = "Mbagala Rangi Tatu"
val upana = ceil(lebo.paint.measureText(jina)).toInt()
```

Jibu ni pikseli zenye desimali, kwa hiyo lipandishe juu kila mara. Ukilishusha, pikseli moja iliyopungua inatosha kulisukuma neno la mwisho kwenye mstari wa pili.

Kuna `getTextBounds` pia, na watu huzichanganya. `measureText` inatoa umbali ambao kalamu inasogea, pamoja na uwazi mdogo wa kila herufi. `getTextBounds` inatoa sanduku la wino tu. Ya pili inafaa unapotaka kuiweka namba katikati ya duara kwenye ramani. Kwa kupanga mistari tumia ya kwanza.

Mitego mitatu imenishika hapa. Wa kwanza ni vitufe vinavyobadili herufi zote kuwa kubwa: unapima "Thibitisha" na simu inachora "THIBITISHA", pana zaidi. Mtindo huo ulikuwa wa kawaida kwa vitufe vya zamani vya Material, mtindo wa usanifu wa Google, kwa hiyo kagua `textAllCaps`. Wa pili ni fonti inayopakuliwa. Ukipima kabla haijafika, umepima fonti ya mfumo. Wa tatu ni unene: tangu Android 12 mtumiaji anaweza kukoleza maandishi yote ya simu, na herufi nene zinakula nafasi zaidi.

Hatua ya 5: Pima kimo

Ukubwa wa fonti si kimo cha mstari. Roboto ya 16 inahitaji karibu 19 kutoka kilele cha herufi ndefu hadi chini ya mikia, na hapo hujaongeza uwazi wa ziada ambao lebo za Android huuweka juu na chini kwa kawaida. Kiswahili kina mikia mingi: Kijitonyama pekee ina j na y, Mapipa ina p mbili. Sanduku la kimo cha 20 linapendeza kwa kiwango cha 1.0, na kwa 1.3 linaanza kunyoa mikia hiyo.

Kwa maandishi ya mistari zaidi ya mmoja usizidishe kimo kwa idadi ya mistari uliyoibuni. Mwachie anayepanga mistari akuambie:

```
val mpangilio = StaticLayout.Builder
    .obtain(jina, 0, jina.length, lebo.paint, nafasi)
    .setIncludePad(lebo.includeFontPadding)
    .setLineSpacing(lebo.lineSpacingExtra, lebo.lineSpacingMultiplier)
    .setBreakStrategy(lebo.breakStrategy)
    .setHyphenationFrequency(lebo.hyphenationFrequency)
    .build()

val mistari = mpangilio.lineCount
val kimo = mpangilio.height
```

Hiyo `nafasi` ni upana wa ndani, baada ya kutoa uwazi wa pembeni wa lebo. Mstari wa `setBreakStrategy` usiufute ukidhani ni pambo. Lebo ya kawaida hukunja mistari kwa mkakati wa ubora wa juu, wakati `StaticLayout` isipoambiwa hutumia mkakati rahisi. Nilikesha usiku mmoja hesabu ikisema mistari 2 na skrini ikionyesha 3, kisa ni hicho.

Ukitumia Jetpack Compose, njia mpya ya kujenga skrini za Android, `rememberTextMeasurer` inakupa kipimo kinachofanya yote haya. Mpe andiko, mtindo na mipaka, atakurudishia ukubwa, idadi ya mistari, na kama kuna kilichozidi kwa jina la `hasVisualOverflow`.

Hatua ya 6: Flutter na iPhone, kwa ufupi

Flutter ina `TextPainter`. Mpe maandishi, mwelekeo wa kusoma, ambao ni wa lazima, na `textScaler` kutoka kwa `MediaQuery`, kisha uite `layout` na upana wa juu. Wengi husahau huyo `textScaler`, na bila yeye unapima simu ya kijana huku ukichora kwenye simu ya mama mdogo. Ukimaliza, `didExceedMaxLines` inakuambia kama limezidi, na `minIntrinsicWidth` inakupa upana wa chini ambao maneno hayavunjiki. Mfunge kwa `dispose`.

Kwenye iPhone kazi ni ya `boundingRect` pamoja na chaguo la `usesLineFragmentOrigin`. Bila chaguo hilo inapima kama mstari mmoja. Nayo inatoa desimali, pandisha juu. Maandishi ya kawaida huanza na pointi 17, na kwa kiwango cha juu kabisa cha ukuzaji hufika 53. Aliyepanga kwa 17 tu hana habari na hilo.

Hatua ya 7: Kuza, kisha tazama

Huna haja ya kuingia kwenye mipangilio ya simu kila mara. Unganisha simu na kompyuta, kisha tumia `adb`, zana ya kuiamuru simu ya Android kutoka kwenye kompyuta:

```
adb shell settings put system font_scale 1.3
adb shell wm density 360
```

Amri ya pili inaibana skrini ile ya pikseli 720 hadi dp 320. Ukimaliza andika `adb shell wm density reset`, na urudishe ukuzaji kwenye 1.0, usije ukashangaa kesho. Pitia viwango vya 1.0, 1.3 na 2.0, kila kimoja kwa upana wa 360 na wa 320. Kama muda ni mchache anza na mchanganyiko mbaya kuliko yote, yaani 2.0 juu ya 320, ukiwa umekoleza herufi.

Vitufe viangalie pia kwa jicho la kidole. Hata neno likiwa fupi kama "Tuma", eneo la kubonyeza lisipungue dp 48 kwenye Android au pointi 44 kwenye iPhone.

Hatua ya 8: Amua litakalofanyika likizidi

Mpangilio wangu sasa unakwenda hivi. Jina na nauli vikienea pamoja, vinakaa mstari mmoja. Visipoenea, nauli inashuka chini na jina linachukua dp 288 zote. Likizidi hapo, jina linakunjwa mistari miwili. Kupunguza ukubwa wa fonti ili jina lienee sikufanya, ingawa Android ina uwezo huo wa kujipunguza tangu toleo la 8.0. Mtu aliyeomba maandishi makubwa ukimpa madogo kimyakimya umemdharau.

Kwa nafasi finyu kweli, kama alama juu ya ramani, nilikwenda kusimama Mwenge nikatazama vioo vya mbele vya daladala. Wachoraji wa vibao wamekuwa na tatizo letu kwa miaka mingi, nao huandika K/KOO na G/MBOTO. Wanakata mwanzo, mwisho hawaugusi, na hakuna abiria anayepotea. Nimeweka kwenye data uga wa pili wa jina fupi, ulioandikwa kwa mkono kwa kila kituo, maana hakuna kanuni ya kompyuta itakayojua kwamba Gongo la Mboto ndiyo G/Mboto. Kwa wanaosomewa skrini kwa sauti, jina kamili linabaki kwenye `contentDescription`, vinginevyo watasikia herufi na mkwaju.

Hatua ya 9: Acha kompyuta ikague kila jina

Andika jaribio linalopita kwenye orodha nzima ya vituo na maandishi yote ya Kiswahili, kwa kila kiwango cha ukuzaji na kila upana wa Hatua ya 7. Kwa kila moja jenga mpangilio wa Hatua ya 5, kisha uliza mambo mawili: mistari imezidi 2? Neno refu limezidi nafasi? Likishindwa, lichapishe jina lenyewe pamoja na kiwango, ili asubuhi ujue pa kuanzia. Ongeza na swali la tatu ambalo sikuliwaza hadi nilipopigiwa simu: kuna vituo viwili ambavyo, baada ya kukatwa, vinasomeka sawa?

Kwenye programu yenyewe usipime upya kila mtu anapotelezesha orodha. Hifadhi jibu kwa ufunguo wa andiko, upana, mtindo na ukuzaji, ulifute mtumiaji akibadilisha mipangilio.

Mara ya kwanza nilipoliendesha, jaribio lilikamata Kimara zote tatu kwenye ramani, na neno "Haijathibitishwa" kwenye safu ya malipo. Kimara nilizipa majina mafupi. Lile la malipo nililibadilisha kuwa "Bado", na mpaka leo hakuna aliyeniuliza lina maana gani.